Kibano cha Miiba

Mume wangu Elieza aliponywa macho mbele ya watu elfu tatu, na ni mimi peke yangu niliyejua kuwa hakuponywa. Nilijua kwa sababu asubuhi ya siku ile ile, kabla hatujapanda lori la kwenda Dodoma mjini, nilimkalisha kwenye kigoda mlangoni, nikachukua kibano nikamng'oa kope.

Asiyetoka kwetu huenda haielewi habari ya kope. Kwetu, kwenye vumbi na nzi na maji ya kugawana kwa kata, macho huugua tangu utotoni. Ukifika utu uzima, ngozi ya juu ya jicho hujikunja kwa ndani, na nywele za kope zinaanza kuchoma mboni kila unapopepesa. Dawa yetu ni kibano, kile kile cha chuma ambacho kila mchunga ng'ombe hutembea nacho kwa ajili ya miiba ya mguuni. Mkeo anakung'oa nywele moja moja, unalia, unanyamaza, na kwa wiki mbili tatu unapata raha. Kisha zinaota tena, fupi na ngumu kuliko za kwanza.

Ulikuwa mwaka 1994, ile miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: mitumba, betri, sabuni za kila rangi, na wahubiri pia. Huyu wetu alitoka mbali na jenereta yake na vipaza sauti virefu kuliko mtu. Akasema wenye ugonjwa wa macho waweke mikono machoni. Elieza akaweka. Alipoitoa, jua linawaka, vumbi linaruka, na macho hayachomi! Kabla sijamdaka shati alishafika jukwaani, anapiga kelele, "Naona! Ndugu zangu, naona!"

Watu wote wakanigeukia mimi, mke wa aliyeponywa. Nikapiga vigelegele. Hilo siwezi kulificha, maana walikuwepo wengi walionisikia.

Tukiwa kwenye lori la kurudi nilimnong'oneza. "Baba Jordan, asubuhi si nilikutoa kope?"

"Mama Jordan," akasema kwa upole, "usimzimishe Roho."

Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipomzika binti yetu wa pili. Nikameza maneno yangu. Nilijiambia kuwa huenda mimi ndiye mwenye imani haba, na kwamba tungoje tuone.

Tulingoja wiki tatu. Siku moja aliingia ndani ya tembe mchana, akanifuata pale nilipokuwa nachambua uwele, akanifungua kiganja na kunitilia kibano. Hakusema kitu. Angesema, tungezungumza, na pengine mambo yangeishia pale. Badala yake alikaa chini na kuinua uso, nami nikaanza kung'oa. Ndivyo tulivyoufunga mlango, wote wawili tukiwa ndani.

Maana wakati huo alikuwa ameshafanywa mwinjilisti. Zamani alikuwa mzee wa kanisa tu, mtu wa kufagia na kupanga mabenchi. Baada ya ushuhuda ule Mchungaji Kefa, aliyekuwa akija kijijini kwetu mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, alimkabidhi funguo za kanisa na somo la kila Jumapili. Watu walijaa. Hata wale wazee waliokuwa hawaachi kwenda kuomba mvua milimani walikuja kumwona mtu aliyerudishiwa macho. Naye alisimulia. Sitaki mtu amwite mwongo mbele yangu, ingawa nimewahi kumwita hivyo mwenyewe. Mtu akisema jambo mara mia mbele ya watu wanaolia, mwisho na yeye analiamini. Elieza alikuwa anaamini Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa anaumwa.

Basi tukaishi hivyo miaka miwili. Mwanga ulimuumiza, kwa hiyo alishinda ndani. Tembe zetu ni nyumba nzuri kwa joto, lakini paa liko chini na madirisha hayapo, na mwanamume mzima akikaa humo kutwa nzima nyumba inapungua. Nikipika namkwaa, nikifagia namkwaa. Jordan, mwanetu anayeuza mitumba huko Makole mjini, akitutembelea anamkuta baba yake gizani, naye Elieza anasema alikuwa katika maombi. Na kweli alikuwa katika maombi, ila hakusema anaomba nini.

Hospitali ya misheni ya Mvumi iko mwendo wa saa tatu kutoka kwetu kwa miguu. Kule wanaipasua ile ngozi ya juu ya jicho na kuigeuza, kazi ya nusu saa, mtu anarudi nyumbani akiwa na kitambaa usoni. Kila baada ya miezi kadhaa nesi wao wa macho alikuja kijijini, binti mmoja wa mjini aitwaye Zuleha, Mwislamu wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani. Alikaa chini ya veranda ya shule, akawapindua watu kope na kuandika majina. Kila alipokuja, Elieza alikuwa na safari. Safari yenyewe ilikuwa ni shamba letu la mtama. Mtumishi wa Mungu, kaka zangu, anajificha kwenye mtama asionwe na binti mwenye daftari!

Nilicheka siku ya kwanza. Baadaye nilikoma kucheka, na kuomba pia nikakoma. Mdomo uliendelea, kwa kuwa mke wa mwinjilisti hawezi kukaa kimya kanisani, lakini ndani hapakuwa na kitu. Ningemwambia nini Mungu? Nimshukuru kwa uponyaji nilioufanya mimi kwa kibano? Au nimwombe amponye mtu aliyekwisha kumtangazia dunia kwamba amemponya? Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi. Nilimwambia, wewe ulikuwepo pale uwanjani, kwa nini ulimwacha apande jukwaani?

Kisha Mchungaji Kefa akaleta Biblia za tafsiri mpya, Kiswahili chepesi, kila familia nakala yake. Ile ya zamani Elieza aliijua nusu nzima kwa moyo, hivyo alikuwa anafungua kitabu na kusoma bila kusoma. Sasa watu walikuwa wanafuatilia kwa kidole. Ikabidi kila Jumamosi mchana nifunge mlango, nikae karibu na tundu la moshi penye mwanga, nimsomee somo la kesho mara sita, mara saba, mpaka aliweke lote kichwani. Jumapili alisimama akalisoma vizuri kuliko Mchungaji. Mimi nilikuwa nakaa benchi la pili, jasho linanitoka, nikihesabu mistari kimoyomoyo nisije nikasikia ameruka mmoja.

Yote hayo ningeweza kuyabeba mpaka kaburini. Sisi wanawake wa huku tumebeba mengi. Aliyenishinda ni Ritha.

Ritha ni jirani yetu, mjane, anaishi kwa kusuka nyungo. Alikuja Alhamisi moja asubuhi, ameshika ukuta, macho mekundu.

"Mbukwa, Mama Jordan."

"Mbukwa, Ritha. Karibu ndani."

Aliketi karibu na mafiga, mbele ya Elieza, akatoa karatasi kwenye kanga. Ilikuwa ya nesi Zuleha, inamtaka afike Mvumi Jumatatu kupasuliwa.

"Nesi anasema jicho la kushoto limeshaweka kovu, halina dawa," alisema. "La kulia nalo likicheleweshwa litakwenda. Lakini mimi nimefikiri, Mwinjilisti. Mungu aliyekuponya wewe hana upendeleo. Nikienda kupasuliwa, si nitakuwa nimemwambia simwamini? Nimekuja kuichoma hii mbele yako, halafu uniombee."

Nilimtazama Elieza. Nilimtazama kwa nguvu zote, kana kwamba angeweza kuniona. Nilingoja aseme neno moja tu.

"Imani yako ni kubwa, Ritha," akasema.

Ritha akaisukuma karatasi kwenye makaa, na kwa kutoona ikaangukia ukingoni mwa jivu. Elieza akaweka mikono juu ya kichwa chake akaomba, na machozi yakawa yanamtiririka yakidondokea kitambaa cha kichwani cha yule mama. Ritha akadhani ni machozi ya Roho. Mimi nilijua ni kope, kwa maana zamu yangu ya kung'oa ilikuwa imechelewa siku nne. Vipofu wawili walikuwa wanaombeana jikoni kwangu, na mimi mwenye macho nimesimama na mwiko mkononi. Nilipomtoa Ritha mpaka mlangoni nilirudi mbio nikaitoa karatasi motoni kwa vidole. Ilikuwa imeungua upande mmoja. Tarehe ilibaki.

Jumamosi mchana Elieza alikaa mahali pake karibu na tundu la moshi.

"Mama Jordan, somo la kesho."

"Soma mwenyewe. Si umeponywa?"

Akakipapasa kitabu, akakisukuma kwangu. Kisha akasema, "Dorothea." Hajawahi kuniita hivyo tangu Jordan azaliwe. "Dorothea, usinifanyie hivi."

"Nakufanyia nini? Ritha anapofuka. Ana jicho moja, baba, moja, na amekuja kulichoma hapa jikoni kwa sababu yako na yangu."

"Nikisema ukweli watu watarudi nyuma wote. Watasema Mungu wetu ni mwongo."

"Mungu hakusema kitu siku ile! Ulisema wewe, na mimi nikapiga vigelegele."

Alijifunika uso. Nilidhani amekasirika, kumbe analia, na kulia kwenyewe kulimchoma, akawa anajikunyata. "Unafikiri sijui?" akasema. "Nimejua tangu wiki ya tatu. Kila asubuhi kabla sijafungua macho nasema, Bwana, labda leo. Lifanye leo, ili lile nililolisema liwe kweli. Miaka miwili, Dorothea. Nafungua, na yananichoma."

Moyo wangu ulivunjika kabisa. Nusura nikichukue kitabu. Mkono wangu ulikwenda, lakini haukwenda kwenye kitabu, ulikwenda kwenye msumari ulipotundikwa kibano. Nilitoka nacho nje, nikavuka uwanja mpaka chooni, nikakitupa shimoni. Niliporudi nilimwambia, "Nimekitupa. Sitang'oa tena, na sitasoma tena." Tulikaa ndani ya nyumba ile mpaka jioni, kila mmoja na ukuta wake.

Jumapili ilikuwa zamu ya Mchungaji Kefa kuwa nasi. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Elieza alipita mbele akigusa mabenchi, akafungua kitabu, akasimama. Watu walifungua vyao. Kukawa kimya, na kimya kikazidi urefu. Kisha akaanza zaburi ya mchungaji na kondoo wake, kwa maneno ya tafsiri ya zamani, ambayo hata mtoto wa kwetu anaijua.

Kurasa zikaanza kupekuliwa, maana hilo halikuwa somo la siku. Mchungaji Kefa aliinua kichwa, kisha akafumba macho, akitabasamu. Nilielewa. Alidhani Roho amembadilishia mwinjilisti wake somo. Elieza alikuwa ameokoka tena, na ningeweza kupiga vigelegele vingine. Alihitaji kuimaliza tu.

Alipofika kwenye bonde la kivuli aliacha.

"Ndugu zangu," akasema, "sisomi. Nakariri. Kitabu hiki nakiona cheupe chote."

Mchungaji Kefa alifumbua macho.

"Siku ile mjini sikuponywa. Mke wangu alinitoa kope asubuhi, nikapata nafuu, nikadhani ni uponyaji. Hilo lilikuwa kosa la kutojua. Lakini zilipoota tena nilijua, na sikusema. Nimewasimulia miaka miwili jambo ambalo halikutokea."

Miguu ilinisimamisha yenyewe. "Na mimi nilijua," nikasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilijua kabla yake."

Kwetu mtu akitubu mbele ya kanisa, mara wimbo unaanzishwa, watu wanainuka, wanamkumbatia. Siku ile hakuna aliyeanzisha. Mzee mmoja alichukua kofia yake akatoka. Wakafuata wanawe, kisha benchi zima la nyuma. Ritha alikuja mbele, akasogea mpaka karibu sana na uso wa Elieza, kama mtu anayejaribu kusoma.

"Niliichoma karatasi," akasema. Naye akatoka.

Mchungaji Kefa alizichukua funguo bila ukali. Alisema atarudi kuzungumza nasi, na pikipiki yake ikaondoka. Tulibaki wawili. Elieza alipiga magoti pale pale, na nilisikia akiomba kwa sauti ya chini, "Bwana, sioni." Basi. Hakuongeza kitu. Nimemsikia mtu huyu akiomba zaidi ya miaka ishirini, kwa maneno marefu na mazuri, na hapo ndipo nilipoamini kwamba kuna anayemsemesha.

Jumatatu kulipopambazuka tulikwenda kwanza kwa Ritha. Nilibisha hodi. Nilisikia anatembea ndani, lakini hakufungua. Nikapitisha karatasi iliyoungua chini ya mlango. "Tarehe bado ipo," nikasema. "Sisi tunatangulia." Kisha nikashika ncha ya mbele ya fimbo, Elieza akashika ya nyuma, tukaondoka.

Tulipokuwa tunateremka korongoni nilisikia nyayo. Ritha alikuwa nyuma yetu, hatua kama ishirini, peke yake, anapapasa njia kwa mti. Tuliposimama, akasimama. Tulipopumzika chini ya mgunga, akapumzika chini ya mgunga mwingine. Nilimpelekea maji, akanywa, akanirudishia kibuyu. Tulitembea hivyo mpaka Mvumi.

Nesi Zuleha aliipokea karatasi ya Ritha kwa vidole viwili. "Hii ilipikwa?"

"Ilitaka kuungua, binti yangu," nikasema.

"Tarehe inasomeka, inatosha." Akamgeukia mume wangu. "Shikamoo, baba. Wewe ndiye mzee ambaye kila nikija kijijini kwenu ana safari."

"Marahaba. Leo safari imenileta kwako."

Alimpindua kope pale pale dirishani, akakawia. La kulia, alisema, wamelichelewesha mno, litaona mwanga na vivuli tu. La kushoto litasoma. Elieza aliitikia kwa kichwa. Mimi nilitoka nje, kwa sababu miaka miwili iliyopita yangesoma yote mawili, na mkono uliokuwa unayachelewesha ni huu wangu.

Tuliwekwa kwenye benchi mbele ya chumba cha upasuaji, Elieza upande huu, Ritha upande ule, mimi katikati. Mlango ukafunguliwa. Zuleha alikuwa ameshavaa glovu, mikono ameiinua mbele.

"Ritha."

Ritha alisimama. Alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni, akarudi.

"Baba Jordan," akasema. Hakumwita Mwinjilisti. "Niombee."

Elieza alishtuka. "Mimi, Ritha? Baada ya yote?"

"Wewe. Yule aliyeponywa jukwaani hakuwa akichomwa na kope. Wewe unajua ninachoogopa." Sauti yake ilikuwa bado na hasira, na sikumlaumu. "Ila usiseme amina mpaka nesi amalize."

Elieza alinyoosha mkono hewani, anautafuta uso wake. Nikamshika kifundo nikampeleka mpaka kwenye kitambaa cha Ritha. Alikigusa kidogo tu, kisha Ritha akageuka akaingia, na mlango ukafungwa.

Aliketi na mikono yake wazi juu ya magoti, midomo inacheza bila sauti. Nilisikia vyuma vikigongana ndani, na Ritha akiguna mara moja. Nikajikuta nami nimefungua viganja. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema alichosema yeye pale kanisani, Bwana, sioni, ingawa macho yangu ni mazima, kisha nikangoja.

Nusu saa ilipita, labda zaidi. Zuleha alitokea mlangoni akivua glovu.

"Tayari," alisema. "La kulia liko salama."

"Amina," akasema Elieza.

"Amina," nikasema na mimi, kwa sauti, na lilikuwa la kwanza kutoka moyoni tangu siku ile ya vigelegele. Kisha nikamsaidia mume wangu kusimama, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.